Moyo Si Mpiga Ramli: Ya Kufanya na Ya Kutofanya kwa Anayetafuta Njia

Mpwa wangu alifika barazani kwangu, Ngamiani, baada ya swala ya alasiri, mkononi ana bahasha ya kaki iliyolowa jasho pembeni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kuacha kazi, imechapwa vizuri, saini ipo, tarehe imeachwa wazi. Kijana ana miaka 29, ni karani wa hesabu kwenye ghala la tajiri mmoja hapa Tanga. Mshahara haumtoshi lakini haujawahi kuchelewa. Anataka kulima matikiti maji. Nikamuuliza, kwa nini matikiti? Hakunitajia bei, wala udongo, wala mbegu. Akasema, "Mjomba, moyo umeniambia."

Nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka 31, na kauli hiyo nimeisikia mpaka imenichosha. Nimeisikia kwa mwanafunzi aliyeruka ukuta wa bweni usiku. Nimeisikia kwa mwalimu mwenzangu aliyeuza kiwanja akatia fedha zote kwenye upatu. Simcheki yeyote. Naamini ndani ya mtu mna kitu kinachojua njia. Ila kinajua machache kuliko tunayokisingizia, na mengi tunayokitwisha ni tamaa zetu zilizovishwa kanzu. Kwa hiyo yafuatayo sikuyalainisha. Anayetaka kubembelezwa aende kwa bibi yake.

Usimsikilize mpiga debe

Nenda stendi asubuhi umsikilize. "Dar, Dar, Dar! Siti moja tu, gari inaondoka!" Unapanda, unakuta abiria wanane, na wawili kati yao ni wapiga debe wenzake waliokalia viti ili gari lionekane limejaa. Saa nzima inapita, hamjatoka. Yeye kashachukua chake kwa konda, kahamia gari jingine, sauti ile ile.

Kifuani mwako mna watu wa namna hiyo. Yupo wivu, ipo aibu ya kupitwa na uliosoma nao, kuna kuchoka, kuna hamu ya kuonekana. Wote wana sauti kubwa, wote wana haraka, na hakuna hata mmoja atakayesafiri nawe. Sauti inayokuambia "leo leo, kesho utachelewa" ichukulie kuwa ni ya mpiga debe mpaka ithibitike vingine. Jambo la kweli linaweza kusubiri wiki tatu. Likipoa ndani ya wiki tatu, lilikuwa homa.

Uliza nani atalipa

Kila uamuzi una gharama, na sauti ya ndani iliyo ya kweli huileta gharama hiyo kwa jina lako wewe. Ikija kwa jina la mkeo, mumeo, mama yako au wanao, irudishe ilikotoka.

Chukua habari ya Julius Nyerere. Mwaka 1953 alikwisha kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa naye akiwa kiongozi wake. Na muda wote huo alikuwa bado anashika chaki shuleni Pugu. Machi 1955 akaenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Baada ya hapo akatakiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha kazi. Mshahara uliokatika ulikuwa wake, na nyumbani familia ilikuwa changa. Ikambidi arudi kwao kwa miezi kadhaa kabla ya kushuka tena Dar es Salaam. Watu husimulia habari hii kama ya mtu aliyeusikiliza moyo akajirusha. Wanaruka miaka miwili ya katikati. Mwalimu hakuacha kazi ili akaanze siasa. Alikwisha kuianza akiwa darasani, na barua ilikuja mwisho.

Nikamuuliza mpwa wangu: "Kodi ya nyumba italipwa na nani ukingoja matikiti yaive?"

"Mama Zuhura ana biashara yake ya chakula, mjomba. Tutasukuma."

"Na mkeo, moyo wake umemwambia nini?"

Kimya. Akaangalia kikombe cha kahawa kana kwamba jibu limeandikwa humo chini.

"Nipe hiyo bahasha nikutunzie," nikasema. Nikaiweka kabatini, chini ya vitabu.

Usiutafsiri moyo zaidi ya ulichosema

Hapa ndipo wengi wanapoangamia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nahodha wa jahazi ana dira. Dira humwonyesha upande. Haimwonyeshi mwamba, haimwambii maji yamekupwa kiasi gani, wala haijui kama bandari anayoiendea ina nafasi ya kutia nanga. Ndiyo maana chombo kikikaribia ufuko, baharia mmoja hukaa omo akitupa bildi kupima kina, pima kwa pima, akiita sauti nyuma. Nahodha atakayesema "mimi nina dira, kazi ya bildi nini" utamkuta asubuhi juu ya kipwa, chombo kimelala ubavu, na kaa wanapita chini yake.

Moyo ni dira ya namna hiyo. Unajua sana kusema "hapa sipo". Mtu anaweza kukaa ofisini miaka sita, meza nzuri, feni inazunguka, na kila Jumapili jioni tumbo likamkaza. Tumbo hilo halisemi uongo. Lakini tumbo limesema "hapa sipo" tu. Halikusema matikiti. Halikusema ekari tatu za kukodi. Halikusema mkopo wa milioni nne. Hayo mengine mtu ameyaongeza mwenyewe, kutoka kwenye video ya dakika mbili aliyotumiwa kwenye simu, ambamo kijana aliyevaa kofia ya majani anapiga hesabu: ekari moja mashimo kadhaa, kila shimo matunda mawili, kila tunda shilingi kadhaa, zidisha. Kilimo cha kwenye simu hakina ukame wala wadudu. Kikokotozi hakijui mvua.

Basi moyo ukisema, andika maneno yake yale yale, usiongeze. "Sitaki tena kazi hii." Nukta. Swali la unataka nini ni kazi nyingine kabisa, nayo hufanywa kwa miguu, kwa kwenda kuona, kwa kuuliza na kwa kupima kina.

Usiache kazi

Sikusema usiache kamwe. Nasema usiache leo. Shaaban Robert, mzaliwa wa hapa kwetu Tanga, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 akakaa humo mpaka 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Kitabu chake Kusadikika kilipotoka mwaka 1951 alikuwa bado mtumishi. Vitabu tunavyosomesha watoto vimeandikwa na mtu aliyekuwa na saa ya kuripoti kazini. Kama wito wako hauwezi kuvumilia saa mbili za jioni baada ya kazi, sioni kwa nini uamini kwamba utavumilia njaa.

Anza na robo ekari

Fundi cherehani hakati kitambaa cha harusi kabla hajajaribu kwenye gazeti. Anayetaka kulima akodi robo ekari, alime Jumamosi. Anayetaka kupika apike chakula cha wageni 20 wa kulipa, si wa kusifia. Anayetaka kuhubiri akatembelee wagonjwa kwanza, miezi mitatu, bila kipaza sauti.

Mpwa wangu alipata robo ekari kwa mzee mmoja ng'ambo ya Pongwe, karibu na kisima. Akanuna. Alitaka shamba la kupigia picha.

Jifunze kwanza, ndipo moyo uwe na la kusema

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kanuni ya mbio hizo wakati ule ilijulikana: kaa nyuma ya mwenzako, mwache akukatie upepo, kisha mchomoe mwishoni. Filbert Bayi wa Tanzania akachukua uongozi mapema, akaenda zake, akawaacha wakimbiaji wakubwa wa dunia wanamtazama mgongo. Akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker aliyemfuata naye aliivunja ile ya zamani, iliyokuwa imesimama tangu 1967, na bado akawa wa pili.

Wanaopenda kuhamasisha vijana huitaja mbio hiyo kama ushahidi wa mtu aliyejiamini, basi. Wasahihishe. Mwaka mmoja kabla, mwanzoni mwa 1973 huko Lagos, Bayi alikwisha kumshinda Kipchoge Keino katika Michezo ya Afrika. Mwaka huo huo alikimbia Ulaya kwa mtindo ule ule wa kutangulia, mara akashinda, mara akakamatwa mwishoni. Alikuwa anajua kifua chake kinafika wapi kwa sababu alikwisha kukipeleka huko. Sauti iliyomwambia "nenda" Christchurch ilikuwa na maelfu ya kilomita nyuma yake. Wewe yako ina ngapi?

Siti binti Saad ni hivyo hivyo. Wa Fumba, muuza vyungu, sauti yake ikimtangulia njiani. Alipohamia mjini Unguja mwaka 1911 hakujitangaza kuwa mwimbaji kwa kuwa moyo umemtuma. Alikaa chini ya mikono ya watu wa muziki akafundishwa. Santuri zake zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Hesabu mwenyewe miaka iliyo katikati.

Usiutie moyo kwenye mkeka

Kijana mmoja hapa mtaani kila Ijumaa anaweka mkeka wa kubeti wa mechi 12 kwa "hisia". Mkeka ukichanika anasema hisia zilikuwa sahihi ila timu moja imemwangusha. Kila Ijumaa timu ni moja.

Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika makala pamoja. Hawakuwa wa kambi moja. Klein alikuwa amewachunguza makamanda wa zimamoto wanaojua kwamba jengo linataka kuanguka kabla hawajaweza kueleza wamejuaje, na aliiheshimu hisia ya mzoefu. Kahneman alitumia maisha yake kuonyesha jinsi hisia inavyotudanganya. Wakakaa, wakakubaliana jambo ambalo mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga angeliwaambia bure: hisia inaaminika pale ambapo mambo yana utaratibu wake, mtu amefanya kazi hiyo muda mrefu, na kila akikosea anajua upesi kwamba amekosea. Mvuvi akiangalia rangi ya maji akasema "leo turudi", rudi naye. Kaingia baharini asubuhi elfu kadhaa, na bahari haikawii kumsahihisha. Mvuvi huyo huyo akikuambia kiwanja fulani kitapanda bei, mshukuru, kisha kamuulize mtu wa ardhi.

Kwa hiyo hakuna mtu "mwenye hisia kali" kwa kila jambo. Kuna mtu mwenye hisia kali juu ya samaki.

Andika daftarini

Hili sikulisoma popote; nimelifanya mwenyewe. Nina kaunta buku yenye jalada jekundu. Kila moyo ukinisemesha jambo kubwa, naandika tarehe, umesema nini, mimi mwenyewe nilikuwa natamani nini siku hiyo, na mwili ulikuwaje: nimelala, nimekula, nimegombana na mtu? Naacha nafasi chini. Baada ya mwaka narudi kuandika kilichotokea.

Daftari hilo limenitia adabu. Juu ya wanafunzi, moyo wangu ulipatia mara nyingi. Nikiona mtoto ameketi namna fulani nyuma ya darasa nilijua nyumbani kuna jambo, na lilikuwepo. Juu ya fedha, karibu kila mara ulinipotosha, na ulinipotosha kwa sauti tamu, yenye uhakika kuliko ile ya wanafunzi. Bila daftari ningeapa kwamba mimi sijawahi kukosea. Kumbukumbu ni wakili wa kulipwa.

Usiamue ukiwa umevunjika

Mwaka 1521 askari mmoja wa nasaba nzuri, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona. Akalala kwao miezi mingi. Akaomba vitabu vya mashujaa na mabibi wa ikulu. Havikuwepo, akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Hana la kufanya, akawa anawaza. Siku moja anawaza ushujaa na bibi atakayemtumikia, siku nyingine anawaza kuishi kama watakatifu. Yote mawili yalimfurahisha. Lakini akagundua kitu kidogo, ambacho mimi nakihesabu kuwa uchunguzi mkubwa: mawazo ya kwanza, yakishapita, yalimwacha mkavu, ya pili yalimwacha na furaha hata baada ya kuacha kuyawaza. Akaanza kupima mawazo kwa ladha inayobaki mdomoni.

Si wa dini yangu, na sioni haya kujifunza kwake. Shirika alilolianzisha, la Wajesuiti, ndilo lenye sekondari ya Loyola kule Mabibo, Dar es Salaam. Na kanuni yake moja ningeiandika kwa chokaa ukutani kwangu: roho ikiwa kwenye ukiwa, usibadilishe ulichoamua ulipokuwa na mwanga. Usiandike barua ya kuacha kazi usiku wa siku uliyofokewa na bosi. Usiseme talaka ukiwa na homa. Usihame mji siku arobaini hazijaisha tangu umzike mzazi. Saa nane ya usiku moyo hausemi. Kinachosema ni usingizi uliokosekana.

Swali istikhara mwenyewe, na usingoje sinema

Waislamu wenzangu, hili ni letu. Hadithi aliyoipokea Jabir bin Abdullah, iliyomo katika Sahihi Bukhari, inaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Utaratibu wake ni mwepesi: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua, na ndani ya dua unataja haja yako. Unaomba jambo likiwa na heri liwezeshwe na lirahisishwe, likiwa na shari likuepuke nawe uepushwe nalo, na moyo uridhishwe na kilichokadiriwa.

Hadithi hiyo haitaji ndoto. Haisemi ukiota kijani oa, ukiota chekundu kimbia. Hayo tumeyatia sisi, na matokeo yake binti anakaa wiki mbili hajibu posa ya kijana wa watu kwa sababu ameota mbuzi asiye na rangi. Na lililo baya zaidi ni kumpa mtu fedha akuswalie yeye, kana kwamba haja ni kibali cha ujenzi na yeye ni mtu wa ndani. Haja ni yako, paji la uso liwe lako.

Kisha watu husahau mwenzake istikhara, yaani kutaka ushauri. Ukishasujudu, inuka ukaulize wanaojua. Waulize watatu: mzee aliyepita njia hiyo, mtu aliyeshindwa njia hiyo, na mmoja asiyekupenda sana. Huyu wa tatu ana faida ya ajabu. Atakuambia kwa raha zote makosa ambayo shangazi yako anayaona ananyamaza.

Usimwambie mtoto wa watu umeoteshwa

"Dada, nimeoteshwa wewe ni mke wangu." Ndugu, kama kweli umeoteshwa, mwenye kuotesha anaijua na nyumba ya binti; mngoje amwoteshe na yeye. Ukishamtanguliza Mungu mbele ya posa yako, umemnyima binti nafasi ya kusema hapana kwa adabu. Mwongozo wa ndani ni wa ndani. Ukitoka nje kwenda kuamuru wengine, umekuwa kitu kingine, na vijijini kwetu kina jina.

Usitumie dira ya mwenzako

Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu, walipanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyesema Mungu amemwonyesha ndotoni dawa ya mti wa mugariga. Kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita kwa kilomita, watu wanalala porini. Sina ugomvi na ndoto ya mzee wa watu. Keshatangulia mbele za haki, na kwa bei ile hakuna anayeweza kusema alikuwa ananyonya. Ugomvi wangu ni na waliorudi nyumbani wakatupa vidonge vya hospitali. Ndoto ilikuwa ya mwingine. Mwili uliolipa ulikuwa wao.

Usidhani kila woga ni onyo

Woga wa jambo jipya hutetemesha magoti na huongea sana. Onyo la kweli ni baridi, lina maneno machache, na mara nyingi linahusu mtu aliye mbele yako: dereva mwenye macho mekundu, tajiri anayekuambia "wewe saini tu, utasoma nyumbani". La kwanza lipite. La pili likija, shuka garini.

Usimchagulie mwanao kombi

Kosa hili ni langu, nalitaja ili nisionekane nimesimama mimbarini tu. Nilikuwa mwalimu wa darasa. Msichana mmoja wa kidato cha nne alikuja na fomu ya machaguo. Mkono wake ulikuwa umeandika HKL, kombi ya historia na lugha, kwa penseli, juu yake baba yake ameandika PCB, ya sayansi, kwa kalamu ya wino. Akaniuliza, "Mwalimu, nifanyeje?" Nilimjua. Insha zake nilikuwa naazima kwa mwalimu wa Kiswahili nikazisome nyumbani. Daftari langu la moyo lilikuwa limeshasema. Nikamwambia amtii baba, nikatia saini.

Alipata sifuri kidato cha sita. Leo anauza vitenge katika mji mmoja wa mkoa huu, na kwenye migongo ya risiti anaandika hadithi, fupi, za kurasa tatu nne zilizobanwa na pini. Alinionyesha nilipopita kununua nguo ya sikukuu. Nilisoma mbili nimesimama, mteja mwingine akawa ananisukuma. Nikashindwa kumtazama usoni, nikanunua kitenge nisichokihitaji.

Mzazi, penseli ya mwanao usiifute. Ikiwa huna hakika, mkae chini, mtafute aliyesoma hicho anachokitaka mwanao, mumuulize amefikia wapi. Hiyo ni kazi ya siku moja. Na wewe mwalimu mwenzangu, ukiijua penseli ni ya nani, usijifanye kuheshimu wino.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu.

Matikiti yalichukua miezi mitatu kasoro siku chache. Nzi wa matunda waliyadunga yakiwa madogo kama mayai, nusu yakaoza kwa ndani huku nje yanang'aa. Mengine aliyauza barabarani kwa bei ya kumaliza. Hesabu zake alizipiga vizuri, karani ni karani: alipoteza fedha, lakini fedha za robo ekari, za mtu mwenye mshahara.

Ila kuna jambo nililiona nilipomtembelea Jumamosi moja kule shambani. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kabureta ya pampu ya jirani imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia, anapuliza tundu la jeti kwa mdomo, jicho moja amelifumba. Matikiti yake yenyewe hayajamwagiwa maji. Wakulima watatu wamesimama wanangoja, pampu zao ziko chini kama wagonjwa kliniki. Alipovuta kamba, mashine ikakohoa, ikashika, na maji yakaruka kwenye mpira. Uso aliokuwa nao sijauona tangu alipokuwa mtoto wa miaka minane akikimbiza tairi.

"Mjomba," aliniambia tukirudi kwenye bajaji, kucha zake nyeusi za grisi, "nilidhani ni shamba."

"Na sasa?"

"Sijui. Ila Jumamosi silali."

Ghalani bado anakwenda. Wiki iliyopita alikuja kuniomba elfu 40 za seti ya spana. Nimempa 30, kumi atafute mwenyewe. Bahasha ya kaki ningali nayo kabatini, tarehe haijajazwa, na hajaiulizia.